Tramu Namba Nne

Saa sita za usiku, Sapporo.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la ngazi.
Nimevaa koti juu ya nguo za kulalia,
simu kiganjani kama kinda la ndege niliyemwokota:
usilie, usilie.
Nyuma ya mlango ule, mjukuu wangu
wa siku kumi na moja
ndiyo kwanza amesalimu amri.

Kwetu Brno ni saa kumi alasiri,
na wateja wangu hawajui kwamba sipo.

Miaka thelathini na mmoja nauza vifungo,
vya makoti, vya magwanda, vya sare za zimamoto,
na simu yangu haijawahi kulia mara ya tatu.
Mwenye duka la vifungo hasafiri.
Akisafiri, watasema kazeeka,
na mzee hupewa pole, hapewi oda.

Kwa hiyo nilijipanga.
Simu ya dukani sasa hurukia mfukoni mwangu.
Mlio wa ugenini humchongea mtu
kabla hajasema haloo; nikamlipa fundi Vlastimil,
akauficha, sijui wapi, sikuuliza.
Kisha, siku ya mwisho, nikasimama dirishani
nikarekodi dakika arobaini za mtaa wetu:
tramu namba nne ikikata kona,
breki zikisaga meno, kengele, mbwa wa mwokaji.
Naicheza kwenye simu ya pili,
naiweka ngazi moja chini yangu,
kidogo tu, kama chumvi.

Mchana ni mgumu zaidi.
Humu kwenye treni za chini kwa chini hakuna anayezungumza simuni.
Juzi mfuko wangu ulianza kutetemeka;
msichana wa shule akatazama viatu vyake
akaona haya kwa niaba yangu.
Nikaiacha itetemeke hadi ikachoka.
Watu arobaini kimya,
na mmoja mwenye mzinga wa nyuki pajani.

Usiku wa tatu, Bi Hatakeyama wa namba 203
alifungua mlango akanikuta
nikinong'ona bei ya shaba.
Nikainama. Akainama.
Nikainama tena, simu bado sikioni.
Usiku wa nne nilikuta mto kwenye ngazi ya tano,
ngazi yangu, mto wa kijani
wenye vifungo vinne visivyofanana.
Kimoja ni cha pembe, cha zamani, kazi ya mkono.
Sikukigusa. Nilikigusa.

Leo amepiga Drahomíra Vaculíková,
mwenye kiwanda cha sare.
"Elfu nane," akasema, "nikeli, matundu manne."
"Sampuli utaipata kesho," nikasema,
nikijua kesho yangu imekwisha kuanza.
Chini yangu tramu ikakata kona.

Akanyamaza.
"Bwana Bohumír, hiyo ni namba nne?"
"Ndiyo, bibi, kelele tu. Nifunge dirisha?"
"Namba nne haijapita hapo tangu Jumatatu.
Wanachimbua reli.
Jana nilikuja dukani kwako kwa miguu,
nikagonga mpaka mbwa akanichoka."

Nilitafuta uongo wa pili.
Nilikuwa nao, niliufungasha pamoja na soksi,
lakini theluji iliporomoka kutoka paani, puu,
na nyuma ya mlango mtoto akaamka
na sauti yake yote.

"Na huyo?"

"Anaitwa Mio," nikasema. "Ana siku kumi na moja."
Nilisema kwa sauti ya dukani,
ile ya kuhesabu mbele ya mteja,
ikashuka ngazi zote hadi kwenye masanduku ya barua.
Taa ya 203 ikawaka chini ya mlango.

Nikangoja anifutie oda.
Nilimsikia akivuta kiti,
akikaa, akivua miwani labda.

"Izime kwanza hiyo tramu," akasema,
"simsikii mtoto vizuri."