Kwa Eliufoo, Kabla Hajafungua Gundi

Kwanza, weka gundi chini.
Najua umeshaifungua, harufu imenifikia jikoni.
Ifunge, kanawe, kisha uje tuhesabu vipande:
mia moja arobaini na viwili,
ukitoa kile alichokikanyaga baba yako mwaka wa uchaguzi.

Boksi hili limekaa juu ya kabati langu, hapa Majengo,
tangu jioni aliyolibwaga mezani akasema,
"Dada, haiumani. Kiwandani wamekata vibaya."
Haikukatwa vibaya. Ni ngumu tu.
Nimechonga meno ya bandia pale KCMC miaka ishirini na tisa,
na sijaona bado vitu viwili vilivyoumana
bila kimoja kupunguzwa kidogo.

Basi jaribu kavu.
Funga nusu mbili za mwili kwa mpira wa nywele,
inua dirishani, utazame mshono.
Mwanga ukipita, usimimine gundi kama unaziba pakacha.
Kwangua. Jaribu. Kwangua tena.
Pengo likikataa kabisa, lipe poda ya mtoto na tone la supaglu,
kisha msasa wa maji, namba mia nne, halafu elfu moja,
mpaka ukucha upite usijikwae.
Jicho hudanganywa. Ukucha, hapana.

Risasi!
Kabla hujaufunga mwili nenda kwa Mshiu wa matairi,
mwombe zile za kubalansia ringi, zilizokwisha kazi.
Gramu arobaini, zishindilie puani.
Ndege yangu ya kwanza nilisahau.
Nilipoitua mezani ikakaa kitako, pua juu,
kama mbwa anayengoja mfupa,
na mjomba wako akacheka hadi chai ikamtoka puani.
Ikabidi niipasue. Nililia, sikufichi.

Madirisha usiyaguse kwa supaglu:
mvuke wake utayatia mtoto wa jicho.
Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Na ukitaka kujua magurudumu hukaaje,
achana na karatasi ya maelekezo.
Toka uani inapopita ile ya jioni kwenda KIA,
usitazame mabawa, kila mtu hutazama mabawa.
Tazama tumbo.

Rangi nyeupe ndiyo ngumu. Watu hudhani nyeusi.
Nyeupe husema yote: unywele, jasho la kidole, vumbi la barabarani.
Usipulize Aprili, hewa ikiwa imelowa kama shuka la mgonjwa,
wala saa zile Mama Haika anapochoma majani ya migomba.
Puliza nyepesi, kama unayepumulia kioo. Ngoja.
Puliza tena. Mara ya tatu bado utaona kijivu.
Hapo ndipo baba yako alipomimina.

Ule mstari wa bluu wa ubavuni
uloweke katika maji ya uvuguvugu, siki matone mawili.
Usiuvute. Usukume kwa brashi mbichi,
polepole, hadi ulale wenyewe.
Ukikunjika, nenda kanywe chai.
Nasema kweli: nenda.

Chini ya bawa la kushoto utakuta alama ya dole gumba
iliyoganda ndani ya gundi ya zamani.
Mistari yake yote ipo, hata kovu la panga.
Mkono wako utataka msasa.
Uache.
Jumapili akija na mafuta yake ya bolti kwenye kucha
mkabidhi ndege imegeuzwa, tumbo juu,
usiseme neno.

Kile kipande alichokikanyaga, mlango wa gurudumu la mbele,
nimekichonga upya kwa akriliki ya meno.
Kimo ndani ya kibweta cha sindano.
Ni cha waridi, rangi ya ufizi.
Kwa nje kipake nyeupe kama wenzake.
Kwa ndani usikipake.