Fomu ya Majumba ya Kale, Mpwapwa

Halmashauri imenipa fomu, kalamu mbili
na futi ya chuma inayokwama ikifika meta ya tatu.
Niorodheshe majumba makuukuu ya barabara ya sokoni:
mmiliki, mwaka, hali.
Visanduku vitatu, kila kimoja upana wa dole gumba.

Jumba la kwanza ni la Jivraj, mnunuzi wa samli na nta.
Ghorofa moja, roshani ya mninga,
nguzo za chuma zilizoshuka garimoshi Gulwe
zikapanda huku vichwani mwa watu.
Mwaka? Masima, fundi baiskeli, anasema baada ya Mtunya.
Mkewe anamkatiza: kabla ya nzige.
Nimeandika, kati ya njaa na njaa.
Bosi atakufuta huko.

Jivraj aliondoka na masanduku manne
majumba yalipobadilishwa jina.
Ushirika ukakaa juu, mbegu za karanga chini,
kisha walimu wageni waliokosa nyumba,
kisha popo,
ambao hakuna aliyewahi kuwadai kodi.

Jumba la pili limebaki mlango.
Mlango wenyewe una kufuli.
Nyuma yake, mahindi.
Nimebisha hodi, sijui kwa nini,
na mwanamke akaitika toka katikati ya mabua:
"Zunguka, mwanangu, hapo hapafunguki."

La tatu limechorwa X nyekundu.
Chini ya X kuku ameatamia, hana habari.
Nimehesabu mayai. Hayana kisanduku.

Nikarudi kwa Jivraj, nikagusa ukuta.
Chokaa hii ilikorogwa kwa maji,
na maji hayakujileta.
Nyemo, aliyemzaa bibi yangu,
aliyapandisha toka korongoni kiangazi kizima,
msichana wa miaka kumi na miwili, kata kichwani,
safari ishirini kabla jua halijawa kali
na nyingine baada ya hapo.
Hakulipwa shilingi. Alipewa debe tupu la samli,
akalipokea kwa mikono miwili
kwa kuwa lilikuwa bado linanukia.
Usiku ule nyumbani walipika mlenda
ndani ya harufu ya mali ya mtu mwingine.
Tembe yao ilirudi udongo mara tatu,
mara tatu wakaisimika,
na futi haikuwahi kufika.

Saa kumi mvua imenikuta chini ya roshani.
Paa limevuja juu ya fomu,
wino wa "mmiliki" ukatiririka
mpaka kwenye "hali".
Sikuukausha.

Debe lipo kwetu, nyuma ya mlango wa jikoni.
Limebonyea ubavu mmoja, mtama umo hadi shingoni.
Kesho nitaomba karatasi nyingine.
Nitaandika mwaka uleule nisioujua,
na penye hali, kwa herufi ndogo zitoshe:
paa linavuja,
debe bado.