Mshale wa Nandonde

Nandonde aliileta asubuhi, ukungu wa uwanda haujainuka,
pikipiki ya mnada wa tatu, korosho magunia kumi na moja,
dashibodi imepofuka tangu masika.
"Fundi Asumini," akasema, "niwekee ledi. Za bluu.
Ziwake kama jukwaa la harusi."

Nikafungua skrubu nne. Ya tano ilikuwa msumari.
Kioo kilishikwa na gundi; nikakipasha moto taratibu,
nikapitisha ubapa wa kisu
kama mtu anayebandua stempu anayoitaka.
Ndani: vumbi jekundu la Newala,
bawa moja la kumbikumbi,
na balbu tatu zilizoungua, nyeusi hadi shingoni.

Chuma cha kuchomelea ni cha marehemu baba.
Alifufulia redio za mji mzima,
na hakuna redio iliyowahi kumtaja jina.
Mpini umeliwa pale palipokaa kidole gumba chake;
changu ni kidogo, kinacheza mle ndani.

Bluu sikumpa. Nilimwambia
bluu ya usiku huchoma mboni,
ukiinua macho, barabara yote ni shimo.
Nikamchagulia rangi ya kaa lililofunikwa jivu.
Akanuna. Ledi nayo ikanuna,
maana ledi si balbu, ina chanya na hasi yake,
ukiigeuza haiungui, haisemi, inakutazama tu.
Nikaigeuza. Ikawaka.
Nandonde akasahau kwamba amenuna.

Kisha mshale.
Kuuchomoa ni vijiko viwili, huku na huku, pumzi umeibana.
Kuurudisha ndiko kwenye kazi:
unywele mmoja wa kosa, na sifuri inakuwa kumi.
Hapo akainama, akasema kwa sauti ya mtu anayekopa:
"Uulaze kidogo, fundi. Nikienda sitini, wenyewe useme arobaini.
Akina mama huchungulia begani kwangu.
Wakiona sitini, wananifinya."

Nilicheka, kisha nikaacha.
Mimi pia nimewahi kuchungulia bega la mtu,
usiku, mwanangu ana homa mgongoni,
nikasoma arobaini, nikatulia.
Hadi leo sijui ilikuwa ngapi.

Nikapanda nyuma, simu mkononi.
Barabara ya Kitangali ina vigingi vyekundu
walivyoviacha wapimaji, kimoja hadi kingine kilomita.
"Sitini ni dakika moja," nikamwambia, "isizidi, isipungue.
Ushike mshale hapo, mimi nahesabu."
Mara ya kwanza, sekunde hamsini na mbili.
Kumbe ulikuwa mwongo tayari, bila kulipwa.
Tukasimama, nikafungua kioo, nikausogeza.
Hamsini na sita. Nikausogeza tena.
Watoto wenye mbuzi wakaketi ukingoni kututazama,
watu wazima wawili wanaokimbia, wanasimama,
wanabishana juu ya kijiti cha plastiki, wanarudi walikotoka.
Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mikorosho
simu iliposema: sitini.
Nikatia tone la gundi, nikalipuliza.

Tukageuza kurudi mjini, na giza likatukuta.
Uso wa pikipiki ulikuwa umeiva vizuri,
namba zote zinasomeka, ya gia huru kijani kama jani la kisamvu,
na Nandonde mbele yangu anaendesha polepole
ili auangalie.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Ule mshale mdogo, wa mafuta,
nilikuwa nimeupa taa. Sikuuuliza swali.

Tulisukuma, yeye usukani, mimi kiti,
mchanga ukiingia viatuni, mlima mdogo ukigeuka mkubwa.
Swichi hakutaka kuizima.
Nusu tangi, geji ikasema, kwa heshima zote.
Nandonde akahema, akakigonga kioo kwa ukucha
juu ya ule mwingine, uliolala pale nilipoulaza.
"Sifuri," akasoma.
"Walau huyu."