Kiti cha Dirishani

Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana,
niko juu ya paa, Al Khuwair, nimekumbatia feni ya kiyoyozi
iliyoganda vumbi kama unga wa muhogo,
na ndege ya Dubai inapita.
Ndani yake nimo.

Yaani, jina langu limo: Shekue, Athumani,
ishirini na mbili F, dirishani, begi la mkononi tu.
Kiti hicho nilikinunua Dar, kaunta namba sita,
laki moja na ishirini zisizorudi,
kwa sababu kijana wa shirika aliigeuza kadi yangu ya ukaazi
mbele, nyuma, akaigonga kwa ukucha,
akasema: "Mfumo unataka tiketi ya kuondokea."
Nikamwambia, nakwenda kwangu.
"Kwako ndiko unakotoka, mzee."

Mzee! Nina miaka arobaini na mmoja.
Kumi na miwili kati yake nimepoza nyumba za watu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mimi jembe nilipewa siku ile ile niliyoshuka,
na bado naulizwa, utaondoka lini?

Muheza nilikaa siku mia na sabini na tatu.
Zikifika mia na themanini, kadi inabaki plastiki.
Mama alizijua hesabu zangu.
"Leo ya ngapi?" aliuliza kila asubuhi,
kabla hajauliza uji.
Akafa ya mia na sitini na nane.
Aliniachia kumi na mbili za matanga.

Usiku ule Maskati nilimpa afisa vyote:
pasi, kadi, na tiketi ya Dubai niliyoikunja mara nne.
Kibao kifuani kilisema Zuweina.
Tiketi hakuifunua hata mkunjo mmoja.
Alisoma tarehe, midomo ikihesabu,
kisha, kwa Kiswahili cha Unguja, cha bibi yake labda:
"Umekawia. Kulikoni huko?"
"Mama," nikasema.
Akanirudishia pasi kwa mikono miwili.
"Pole. Pita."

Sasa ndege imekuwa nukta.
Rafiqul ananiita toka ngazini, anataka spana namba kumi na tatu.
Huko juu mtu mwenye jina langu
amefunga mkanda, ametii sheria,
anaondoka kama alivyoahidi,
hana mzigo, hana msiba.

Subiri kidogo, Rafiqul.
Nampungia spana.