Winchi Namba Saba

Vipandio mia na kumi na viwili. Navihesabu
kama mtu anayehesabu deni.
Chini, Kilindini, makontena ya rangi za peremende,
na Ngumbao msimamizi apiga mluzi: panda, mama, meli haingoji.

Ndani yangu kuna mtu hachoki kusema:
Wewe? Binti wa muuza mahamri wa Magongo?
Utaangusha tani thelathini, uue mtu.
Ana sauti yangu. Hata kikohozi chake ni changu.

Kwenye kipandio cha sitini mikono yagoma.
Naomba, lakini sala haina adabu:
Bwana, sijui. Bwana, nateremka.

Ndipo nikamkumbuka yule mvuvi aliyeshuka mashuani,
akakanyaga maji, akaanza kuzama.
Miaka yote kanisani nilisikia karipio tu:
imani haba, imani haba.
Leo, nimeng'ang'ania chuma chenye chumvi,
nasikia mpangilio:
mkono ulitangulia. Swali lilifuata,
naye keshashikwa.

Sikupata ujasiri.
Nilipata kipandio cha sitini na moja.

Juu kibandani kioo kina vumbi la klinka.
Nakifuta kwa leso. Nashusha nyaya polepole,
pembe za kontena zaitika: kli, kli, kli,
ya nne yakawia.
Yule mtu ndani asafisha koo.

Kli.

Nainua. Kisiwa kizima chainama kidogo chini ya viatu vyangu,
na redioni Ngumbao auliza: Mkamburi, umelala?
Niko, namwambia.
Niko.