Pindo Jeusi

Kioo chake kilikuwa cha inchi tisa,
na hata hizo tisa hazikutumika zote.
Hesabu za kiwanda cha nguo, mita, majora, upungufu,
zilijikunyata katikati, rangi ya kijani,
na pande zote nne kulikuwa na pindo jeusi
pana kama vidole viwili,
mahali ambapo hakuna tarakimu iliyowahi kufika.

Mimi nilikuwa fundi. Fundi
akiona nafasi tupu huwashwa mikono.
"Bibi Genovaitė, nyuma hapa kuna skrubu,
nikiizungusha robo tu, picha itajaa hadi ukingoni."
Hakugeuka. "Na wewe umekulia kiwandani!
Ulishaona wapi kitambaa chenye mji mtupu,
kisicho na pindo? Hufumuka siku ya kwanza."

Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu
na bisibisi mpya.

Jioni ile, Kaunas imefunikwa na theluji,
wote wameshaondoka na basi la umeme la saa kumi na mbili,
nikazungusha.
Tarakimu zikaumuka kama unga wenye hamira.
Tisa zikanona. Sufuri zikaachama.
Mistari ya kando ikapinda kufuata mbinuko wa kioo,
majina yakamegwa herufi ya kwanza,
Stasė wa ghala la nyuzi akawa Tasė.
Lakini palijaa.
Nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Asubuhi nikamkuta na koti bado mabegani,
pini ya nywele mkononi,
na pindo limerudi.
Hakunikemea. Alisimama, akanipisha.
"Keti. Hesabu ziache. Tazama weusi."

Sikuona kitu.
Kisha, juu kushoto, mlango wa mkuu wa idara,
mdogo kama stempu, nyuma ya mgongo wangu.
Kulia, dirisha, na kunguru kwenye tawi.
Na chini, kwenye ukanda mwembamba kuliko yote,
mikono ya Bronė wa meza ya nyuma
ikikunjua barua ya mwanawe aliye jeshini,
ile ile, ya mwaka jana,
ikiikunja, ikiikunjua.

"Hulia saa nne kila siku," akaninong'oneza,
"na hataki kuulizwa.
Basi saa nne mimi hupata kiu,
nikaenda kuchemsha chai, ya watu wawili."

Sikugusa tena skrubu ya mtu.

Mezani kwangu leo kuna kioo kipana kama sinia,
chenye nuru toka ukingo hadi ukingo.
Hakina hata uzi wa kiza. Nyuma yangu
mtu anaweza kulia mpaka kesho.
Nimebandika utepe mweusi wa mafundi umeme
upande wa chini, vidole viwili.
Hauakisi chochote.
Sijaubandua.