Ya Nane na ya Kumi na Nne

Miaka thelathini na moja kilimani Bugando,
jicho hadubinini,
Dakta Nyanzobe anapanga kromosomu
kama wachuuzi wa Kirumba wapangavyo sato:
wakubwa mbele, wadogo nyuma.

Ya nane imekatika mkia,
mkia umedandia ya kumi na nne.
Basi.
Na taya la mtoto wa Ukerewe limevimba
kama kaficha kiazi shavuni.

"Si uchawi, mama. Ni kipande kimehama."
"Haya. Nani kakihamisha?"

Umeme ukakatika.
Dirishani mawe yalikuwa yamebebana vilevile,
jiwe mgongoni mwa jiwe,
na ziwa nyuma yake, limenyamaza.

Akaliandika swali pembeni mwa daftari,
kwa penseli,
chini ya maswali ya kina mama wengine.